Bampa Ikibonyea, Imefanya Kazi

Wapo wanaoandika kwamba magari ya zamani yalikuwa salama zaidi kwa sababu bampa zake zilikuwa chuma kitupu, na za leo ni plastiki tu. Ibandueni hiyo plastiki! Ndani kuna povu gumu la polipropilini, na nyuma yake boriti ya chuma au alumini. Povu humeza nishati ya migongano midogo. Kwa mikubwa, fremu ya mbele hujikunja.

Eti gari lisilobonyea humlinda dereva? Nishati haipotei: chuma kikigoma kubonyea, mbavu zitabonyea. Mwaka 2009 taasisi ya IIHS ya Marekani iligonganisha Chevrolet Bel Air ya 1959 na Malibu ya 2009. Bel Air ilimponda dereva wa sanamu. Chumba cha Malibu kilibaki kizima.

Bampa ina spea. Mbavu hazina.