Asamehewe kwa Kosa Gani?

Kila ufikapo msimu wa usajili huzuka nchini mjadala ambao, kwa ukali wake, mgeni angeweza kudhani kwamba tumevamiwa. Mjadala wenyewe ni huu: mchezaji fulani ameihama klabu yake na kujiunga na klabu pinzani, je, wapenzi wa klabu aliyoiacha wamsamehe au wasimsamehe? Hujadiliwa vibarazani na ndani ya mabasi. Hujadiliwa pia, na yafaa tuliseme hili wazi, katika vyumba vya walimu na katika ofisi za umma, na watu wenye elimu yao ambao katika mambo mengine hupima neno kabla ya kulitamka.

Mimi nasema kwamba swali lenyewe limekosewa. Msamaha hupewa mkosaji. Kabla ya kuuliza iwapo mtu asamehewe, hatuna budi tuonyeshwe kwanza kosa alilolitenda. Na kwa mchezaji aliyeutumikia mkataba wake mpaka siku ya mwisho, kisha akaenda atakako, kosa hilo halipo.

Tuuchukue mfano unaojulikana na kila mpenda kandanda wa nchi hii. Clatous Chama, raia wa Zambia, alijiunga na Simba mwaka 2018. Desemba ya mwaka huo huo, katika dakika za mwisho za mchezo uliofanyika Dar es Salaam, aliifunga Nkana, klabu ya nchi yake mwenyewe, bao lililoiingiza Simba katika hatua ya makundi ya Ligi ya Mabingwa wa Afrika. Machi 2019 akaifunga AS Vita ya Kinshasa, tena mwishoni mwa mchezo, na Simba ikaingia robo fainali. Alikuwamo katika kikosi kilichotwaa ubingwa wa nchi katika misimu ya 2018/19, 2019/20 na 2020/21. Machi 2023, Simba ilipoichapa Horoya ya Guinea mabao 7-0, matatu kati ya hayo yalikuwa yake.

Mkataba wake ulimalizika mwishoni mwa Juni 2024. Julai 1, Yanga ikatangaza kwamba imemsajili. Tangazo hilo moja likatosha kufuta yote yaliyotangulia. Mtu aliyekuwa fundi jana akawa msaliti leo, na watu waliokuwa wakiliimba jina lake wakaanza kulitukana.

Sasa tujiulize. Je, hiyo ilikuwa mara ya kwanza kwa Chama kuondoka Simba? Hapana. Agosti 2021 aliondoka kwenda RS Berkane ya Morocco. Safari ile klabu ilimwuza. Wapenzi walihuzunika, lakini walimwaga kwa heri, na hakuna aliyesimama akasema kwamba Simba imesalitiwa. Januari 2022 aliporudi, alipokewa kwa shangwe. Basi kuondoka peke yake si kosa. Lingekuwa kosa, lingekuwa kosa mwaka 2021 pia.

Tofauti ni mbili tu. Ya kwanza ni anwani. Msimbazi na Jangwani ni mitaa ya Kariakoo, na mtu hutoka mmoja hadi mwingine kwa miguu. Lakini mwendo huo mfupi twauona kuwa mzito kuliko safari ya kwenda Morocco. Ya pili, ambayo ndiyo ya kutisha, ni nani aliyeamua. Mwaka 2021 klabu iliridhia na kulipwa. Mwaka 2024 mchezaji aliamua mwenyewe na klabu haikulipwa kitu. Yaani klabu ikimwuza mchezaji, hiyo twaiita biashara. Mchezaji akijiamulia mwenyewe, huo twauita usaliti. Mwenye kufikiri hivyo, ajue asijue, anamhesabu mchezaji kuwa ni mali. Mali haina hiari. Huhamishwa na mwenyewe. Mtu anayo hiari.

Fikra hiyo si ngeni duniani, nayo imekwisha kushindwa mahakamani. Nchini Uingereza klabu zilikuwa na uwezo wa kumzuia mchezaji hata baada ya mkataba wake kwisha, asiweze kucheza kwingine wala kulipwa. George Eastham wa Newcastle United alilipeleka jambo hilo mahakamani, na mwaka 1963 hakimu akaamua kwamba utaratibu ule ulikuwa kizuizi kisicho halali juu ya haki ya mtu kufanya kazi. Mwaka 1995 Mahakama ya Ulaya ikaamua shauri la Jean-Marc Bosman, Mbelgiji aliyemaliza mkataba wake na klabu ya Liège, lakini klabu ikaendelea kudai malipo kabla ya kumwachia. Mahakama ikasema kwamba mkataba ukiisha, umekwisha. Hata kanuni za FIFA zinazotufunga sisi sote zinamruhusu mchezaji kufanya mkataba na klabu nyingine inapobaki miezi sita mkataba wake umalizike. Haki hii ilipatikana kwa jasho. Ni aibu ikiwa sisi, ambao Katiba yetu yenyewe inatambua haki ya kila mtu kufanya kazi, tutairudisha kwa matusi ya mitaani.

Nawaomba watumishi wa umma na walimu wenzangu tujitazame. Mwalimu wa shule ya binafsi ana mkataba wa miaka mitatu. Amefundisha, wanafunzi wake wamefaulu, mkataba umekwisha, na shule iliyo ng'ambo ya barabara imemwita kwa mshahara bora. Akienda, nani kati yetu atamwita msaliti? Tutampa mkono na kumwambia, "Kila la heri, ndugu." Nasi tunaomba uhamisho, tunadai posho na kupandishwa vyeo, na tunafanya hivyo kwa haki. Tena mtumishi wa umma anayo miaka mingi ya kujipanga, kwani kustaafu kwake kwa lazima ni miaka 60. Mchezaji hana miaka hiyo. Chama alikuwa na umri wa miaka 33 alipokwenda Yanga, umri ambao ofisini mtu huitwa bado kijana, lakini uwanjani huhesabiwa kuwa mzee. Mchezaji wa umri huo akipima maslahi yake, anafanya lile ambalo kila baba wa familia hulifanya.

Wapo wasemao kwamba klabu zetu si maduka. Yanga ilizaliwa mwaka 1935 na Simba mwaka 1936. Zimerithiwa na watoto kutoka kwa wazazi wao, na zimelishwa kwa ada na nauli za watu wa kipato kidogo. Kwa hiyo, wasema, anayevaa jezi hiyo amepewa zaidi ya mshahara; amepewa mapenzi, na mapenzi hayahamishwi kwa sahihi ya kalamu. Wanaongeza kwa uchungu: fadhila za punda ni mateke.

Hoja hii ina uzito wala siidharau. Mtu aliyesafiri usiku kucha kutoka Mbeya au Mwanza kwa fedha yake ili akaishangilie timu yake anayo haki ya kuumia. Lakini kuumia si ushahidi wa kukosewa. Mtu huumia pia mwanawe anapoolewa na kuhama nyumbani. Na mapenzi yaliyotolewa kwa hiari hayawezi baadaye kugeuzwa kuwa deni lenye riba. Deni la mchezaji kwa mashabiki ni moja: acheze kwa nguvu zake zote muda wote aliouahidi. Asijifanye mgonjwa, asiuze mchezo, asidanganye. Akilipa deni hilo, hadaiwi tena. Na yale mabao aliyowafunga Nkana na Vita hakuondoka nayo. Yamebaki Msimbazi, katika vitabu vya Simba, na hakuna usajili unaoweza kuyahamisha. Hayo si mateke ya punda.

Nisieleweke kwamba kila anayeondoka hana lawama. Kuvunja mkataba unaoendelea ni jambo jingine. Desemba 2022 Feisal Salum alijaribu kuondoka Yanga kwa kuilipa klabu fedha ili mkataba ukatike, ilhali muda wake ulikuwa haujaisha. Yanga ikakataa, na Januari 2023 kamati ya Shirikisho la Mpira wa Miguu ikaamua kwamba bado alikuwa mchezaji wa Yanga. Mgogoro ukaendelea kwa miezi, mpaka Juni 2023 pande zote zilipopatana naye akaenda Azam. Hapo palikuwa na swali la haki kweli. Lakini tazameni: swali hilo lilikuwa na baraza lake, kanuni zake na hukumu yake. Siku klabu iliyodai iliporidhia kumwachia, shauri lilifungwa. Shabiki si mahakama ya rufani, wala kelele za jukwaani si hukumu.

Ama wale wanaoshikilia kwamba kuhamia kwa mpinzani ni dhambi isiyosameheka, wameumbuliwa na matendo yao wenyewe. Haruna Niyonzima, Mnyarwanda, aliondoka Yanga mwaka 2017 akaenda Simba, na maneno aliyoambiwa hayaandikiki gazetini. Baadaye akarudi Yanga, na mwaka 2021 akaagwa huko kwa heshima. Bernard Morrison, Mghana, aliondoka Yanga mwaka 2020 akaenda Simba katika mgogoro wa mkataba uliofika hadi Mahakama ya Usuluhishi wa Michezo, na Yanga ikashindwa. Mwaka 2022 alirudi Yanga akapokewa kwa nderemo na watu wale wale waliomlaani. Je, aliomba msamaha gani? Alivaa jezi tu. Basi ule usaliti haukuwa usaliti kamwe, na msamaha wetu bei yake ni kitambaa. Mtu mzima anayebadili hukumu yake kwa kutazama rangi ya nguo hapaswi kujiita mlinzi wa uaminifu.

Lipo jambo jingine, nalo ndilo linaloniudhi zaidi. Hasira hii ina faida kwa watu fulani, na watu hao si mashabiki. Mkataba wa mchezaji huandikwa na pande mbili. Tarehe ya kumalizika kwake hujulikana tangu siku ulipotiwa sahihi. Kwa mkataba unaokwisha Juni 2024, kila kiongozi anayejua kazi yake alijua kwamba kuanzia Januari mchezaji yu huru kuzungumza na mwingine. Sisemi kwamba viongozi walizembea. Huenda waliamua kwa busara kwamba wakati wa kutengana umefika. Ninachosema ni kwamba wao ndio wa kuulizwa. Je, mliweka mezani mkataba mpya? Lini? Kwa nini mchezaji ambaye mwaka 2021 aliiletea klabu fedha, mwaka 2024 aliondoka bure? Mmeandaa nani wa kushika nafasi yake? Hayo ndiyo maswali ya mwanachama anayelipa ada. Lakini mwanachama anayeshinda akimtukana mchezaji hana muda wa kuyauliza, na kiongozi mzembe, wa klabu yoyote ile, hulala usingizi mnono chini ya blanketi alilofumiwa na wanachama wake kwa matusi yao.

Na matusi hayana breki. Luís Figo aliondoka Barcelona mwaka 2000 akaenda Real Madrid. Novemba 2002 alipokwenda kucheza katika uwanja wa klabu yake ya zamani, alitupiwa vitu vingi, kikiwamo kichwa cha nguruwe, na ikabidi mchezo usimamishwe kwa muda. Picha ya kichwa kile ilienea duniani pote, na aliyefedheheka hakuwa Figo. Sisi hatujafika huko. Lakini ajali haiji na tarumbeta, na anayemtukana mchezaji pamoja na mama yake na watoto wake tayari yumo njiani.

Walimu ndio walio na jukumu kubwa zaidi. Ndio wanaosimamia michezo ya watoto wetu, UMITASHUMTA na UMISETA. Mtoto humsikia mwalimu wake Jumatatu asubuhi akisema kwamba mtu aliyetimiza ahadi yake ni msaliti. Mtoto huyo amefundishwa nini? Amefundishwa kwamba ahadi haina mwisho kwa mnyonge na haina mwanzo kwa mwenye nguvu. Afadhali afundishwe kwamba mkataba ni neno la watu wawili, kwamba hulindwa mpaka siku yake ya mwisho, na kwamba baada ya siku hiyo watu hupeana mikono.

Hakuna anayewazuia mashabiki kumzomea mpinzani. Kuzomea ni sehemu ya mchezo, na mchezaji aliyehama anapokuja kutukabili, na azomewe dakika zote 90 kama wapinzani wengine. Lakini filimbi ya mwisho ikilia, tumwache aende kwake kwa amani. Wahenga walisema mcheza kwao hutunzwa. Chama alipocheza kwetu tulimtunza, naye alicheza. Hesabu hiyo imefungwa, haina baki la kudai wala la kusamehe. Zilizobaki wazi ni hesabu za viongozi wa klabu, na hizo ndizo ambazo wanachama wanapaswa kuzifungua katika mkutano mkuu.