MAJI MAANGAVU SI LAZIMA YAWE MASAFI



Sisi tukaao nyumba za kazi upande wa Nakuru na Naivasha twayajua meno ya kahawia ya watoto wetu. Wazazi wengine huwapiga wakidhani hawasugui meno. Sivyo. Ni floraidi, itokayo katika mawe ya Bonde la Ufa na kuyeyuka katika maji ya visima. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita moja. Ikizidi sana kwa miaka mingi huharibu hata mifupa. Kuchemsha hakufai: maji hutoka kwa mvuke, floraidi hubaki sufuriani.

Sasa wataalamu wanatumia punje ndogo mno ziitwazo nano. Nanomita moja ni milimita moja iliyogawanywa mara milioni. Kitu kikisagwa hivyo, sehemu yake ya kunasa sumu huongezeka sana, kama makaa yaliyopondwa yashikavyo moto upesi kuliko bonge. Jirani yetu wa Arusha, Dk. Askwar Hilonga, alitia vitu hivyo pamoja na mchujo wa mchanga, akatunzwa na taasisi ya Uingereza mwaka 2015 kwa uhandisi wake. Chujio lake hutengenezwa kwa kufuata uchafu wa maji ya mahali penyewe.

Lakini tusidanganyike na jina kubwa. Chujio ni kama behewa: likijaa halipakii tena. Hapo floraidi hupita, na maji hayabadili rangi wala ladha.

Kwa hiyo nasema Chama kidai mambo matatu. Kwanza, maji yapimwe na majibu yabandikwe ubaoni. Pili, chujio lichaguliwe baada ya kupima, si kabla. Tatu, awekwe mtu wa kulibadilisha kwa wakati wake, na lililochakaa lisitupwe mtaroni.

Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya mwaka 2007 yamtaka mwajiri atoe maji mazuri ya kunywa mahali pa kazi. Watoto wetu hawanywi karakanani, hunywa nyumbani. Basi nyumba na ziandikwe katika mapatano yetu.

Wengine watasema, kwanza mshahara. Mshahara twautaka. Lakini nyongeza ya mshahara haimrudishii mtoto meno yake.