Mvivu Si Mgonjwa wa Kisukari

"Kula kidogo, acha uvivu." Hayo ndiyo mahubiri tunayosikia kila Novemba 14, Siku ya Kisukari Duniani. Nayapinga. Chakula na mazoezi vina maana kubwa, ila mahubiri yamegeuzwa kisingizio cha kutotenda.

Mwaka 1993, Hotamisligil na wenzake huko Boston walionyesha kwamba mafuta ya panya wanene hutoa TNF-alfa, saitokini ya uvimbe inayodhoofisha kazi ya insulini. Walipoinasa kwa vipokezi vyake visivyoshikamana na seli, insulini ikafanya kazi vizuri zaidi. Kwa binadamu, jaribio la kuizuia halikuleta matunda hayo. Asikudanganye basi muuza dawa ya "kuondoa uvimbe".

Hata hivyo, vipokezi hivyo vina ushahidi mwingine. Mwilini hukatwa kutoka kwenye seli, vikaelea damuni. Mwaka 2012, watafiti wa Kituo cha Joslin, Boston, walionyesha kwamba wagonjwa wa kisukari wenye vipokezi vingi damuni ndio waliokuwa katika hatari kubwa zaidi ya figo zao kushindwa kazi miaka kadhaa baadaye.

Kumbe maangamizi hupiga hodi mapema. Nasi hatudai maabara za Boston. Tunadai kila zahanati ipime protini ya mkojo na shinikizo la damu, kabla mgonjwa hajauza shamba ili asafishwe damu. Anayengoja figo zife ndipo atoe hotuba, huyo ndiye mvivu.