Jicho la Fundi
Mwaka 1958 Bert Haanstra wa Uholanzi alitengeneza filamu fupi iitwayo Glas, isiyo na msimulizi. Twawaona mafundi wa Leerdam wakipuliza kioo cha moto kwa mrija, mashavu yametuna, wakikiumba kuwa chombo kabla hakijapoa. Kisha yaja mashine ya chupa. Chupa moja iliyovunjika shingo yakwama. Zinazoifuata zagongana na kupasuka, nayo mashine yaendelea vivyo hivyo mpaka mkono wa mtu uingilie kati. Mashine ile haina jicho la kuona kosa. Fundi analo, na jicho hilo hufunzwa kwa kutazama. Basi mtoto apendaye kazi ya mikono tusimchoshe kwa hotuba. Tumkalishe karibu na fundi.