Kiungo Kinajua Ulichobofya, Fomu Isijifanye Haijui

Leo nina neno na wenzangu wanaotengeneza tovuti. Lakini hata wewe unayezitumia tu, usiondoke, maana jambo hili linakugusa kuliko linavyotugusa sisi.

Chukua mfano wa duka la pembejeo lenye tovuti. Ukurasa wa mbele umeorodhesha mbegu za mahindi, na kando ya kila mbegu pana kiungo cha "Agiza". Mkulima wa Machakos anabofya Agiza iliyo kando ya Katumani. Fomu inafunguka, na swali la kwanza ni: "Unataka mbegu gani?" Jamani, si ameshasema?

Mbaya zaidi, ile orodha ya kuchagua haikai tupu. Usipoiambia vingine, kivinjari huonyesha kitu cha kwanza kwenye orodha. Kama cha kwanza ni H614, basi mkulima asipogusa, H614 ndiyo itakayoagizwa. Katumani hukomaa mapema na ilikusudiwa sehemu zenye mvua chache. H614 ni ya nyanda za juu kama Kitale, na huchukua miezi sita au zaidi shambani. Kosa hilo mtu halioni kwenye skrini, huliona mvua ikishakatika. Kwa hiyo fomu inayodai haijajaza chochote kumbe imejaza, tena vibaya.

Dawa yake ni rahisi. Kiungo kinaweza kubeba habari baada ya alama ya kuuliza, hivi:

agiza.php?mbegu=katumani&kilo=2

Kwenye PHP unasoma $_GET['mbegu'] kabla ya kuonyesha fomu. Kama ukurasa wako ni HTML tupu, URLSearchParams ya JavaScript itafanya kazi hiyo ndani ya kivinjari. Fomu ni moja, viungo hata ishirini. Google Forms nayo hukutengenezea kiungo chenye majibu yaliyojazwa tayari, na kiungo cha wa.me chenye ?text= hufungua WhatsApp ujumbe ukiwa umeshaandikwa.

Basi msimamo wangu ni huu: jaza, lakini jaza kile tu ambacho mtu amekisema kwa kubofya. Hapa ndipo ninapotofautiana na wenzangu wengi.

Kwanza, habari za mtu binafsi. Wapo wanaotuma viungo vilivyobeba jina, simu na hata namba ya kitambulisho, eti kumpunguzia mteja kazi ya kuandika. Anwani ya ukurasa si mahali pa siri. Hubaki kwenye historia ya kivinjari, na pale saiba anayeketi baada yako anaweza kuisoma. Huandikwa pia kwenye kumbukumbu za seva. Mteja akikituma kiungo hicho kwenye kundi la chama, wanachama wote wamepata kitambulisho chake. HTTPS haitakuokoa hapo, kwani hulinda njiani tu. Waandishi wa RFC 2616 walishaonya mwaka 1999 kwamba fomu zenye data nyeti zisitumwe kwa GET.

Pili, usiamini kilichomo kwenye kiungo, kwa sababu yeyote anaweza kukihariri. Ukiweka bei=500, atatokea mjanja aandike bei=5. Bei itafutwe na seva yenyewe. Jina la mbegu lilinganishwe na orodha ya mbegu ulizonazo. Lisipokuwemo, fomu iseme "Chagua mbegu" na isikubali kutumwa hadi mtu achague. Chochote utakachokirudisha kwenye ukurasa kipitishe kwanza kwenye htmlspecialchars, la sivyo mtu atapenyeza skripti yake humo.

Tatu, ridhaa. Mkulima alibofya mbegu, hakubofya "nakubali kutumiwa matangazo". Usimtilie tiki. Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 inataka ridhaa iwe ya wazi na ya hiari. Mwaka huohuo, katika kesi ya Planet49, Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua kwamba kisanduku kilichotiwa tiki mapema si ridhaa.

Kuna wanaosema kujaza mapema huwafanya watu wasisome, wabonyeze "Tuma" tu. Hoja hiyo ina uzito. Ndiyo maana sipendi kuficha chaguo kwenye sehemu isiyoonekana ya fomu. Liandike juu, kwa herufi kubwa: "Umechagua Katumani, kilo 2", na karibu yake uweke njia ya kubadilisha. Anayesoma kwenye simu ndogo juani alione bila kukodoa macho.

Kumwuliza mtu jambo aliloshasema ni kumchosha. Kumjazia ambalo hakulisema ni kumsemea. Katikati ya hayo mawili pana kazi ya nusu saa tu kwa mtengenezaji wa tovuti. Kwa hiyo leo fungua tovuti yako kwa simu, bofya kila "Agiza", uone fomu inakuuliza nini. Ikikuuliza ulichobofya sasa hivi, unajua pa kuanzia.