Kutoka sanduku la safari hadi mnada wa kiwanda



Ndugu wasomaji, wiki mbili zilizopita, baada ya sala ya Isha, vijana watatu wa msikiti wetu hapa Songea walibaki nyuma wakaomba kuonana na kamati. Walikuja na daftari la hesabu. Walitaka tuwakopeshe fedha za ujenzi wa madrasa ili wafungue duka la kuunganisha na kuuza kompyuta. Wangekodi fremu kubwa karibu na Soko Kuu na kuanza na kompyuta ishirini mpya. Mmoja wao alimtaja Ashish Thakkar kwa fahari, akasema: "Yule naye alianza na kompyuta."

Ni kweli. Lakini kwa kuwa kisa hicho kilitajwa nusu, tumeona ni vyema tukisimulie hadi mwisho.

Wazee wake Thakkar walikuwa miongoni mwa Waasia waliofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka 1972. Yeye alizaliwa Leicester, Uingereza, mwaka 1981. Baadaye familia ilirejea Afrika, ikaweka makazi Rwanda, na mauaji ya mwaka 1994 yakawapotezea walichokuwa nacho. Wakaishia Kampala wakianza upya. Mwaka 1996, akiwa na umri wa miaka 15, kijana huyo aliacha shule, akakopa dola 5,000 hivi, akafungua duka dogo la kompyuta. Mwisho wa wiki alisafiri kwenda Dubai, akajaza sanduku vifaa vya kompyuta, akarudi kuviuza Kampala, kisha akanunua mzigo mwingine kwa mapato yaleyale.

Tuitazame biashara hiyo kwa jicho la mchuuzi. Mzigo ulikuwa mdogo na fedha haikulala. Kompyuta hushuka thamani hata ikiwa bado imo ndani ya boksi, kwani ikitoka mpya, ya jana huwa ya zamani. Mwenye mzigo wa wiki moja hilo halimuumizi sana. Mwenye ghala lililojaa humla usingizi. Kwa mwendo huo wa sanduku na duka, kampuni yake ya Mara ilikua hadi kuingia katika biashara nyingine nyingi barani.

Oktoba 2019 ukawa mwezi wa shangwe. Kampuni ilifungua kiwanda cha simu janja Kigali, kilichozinduliwa na Rais Paul Kagame, na siku chache baadaye kingine Durban, Afrika Kusini, kilichozinduliwa na Rais Cyril Ramaphosa. Nani asingefurahi kuona Mwafrika akiunda badala ya kununua tu? Hata hivyo, soko lilikuwa na hesabu zake. Kigali, simu ya Mara Z iliuzwa kwa dola 130 hivi na Mara X kwa dola 190 hivi, ilhali simu janja ya Samsung ya bei ya chini kabisa ilipatikana kwa dola 54 hivi. Mnunuzi wa kawaida aliombwa alipe zaidi ya mara mbili.

Miezi mitano baadaye, Machi 2020, Afrika Kusini ilifunga shughuli kwa sababu ya Korona. Mwenye sanduku angelifunga akasubiri. Mwenye kiwanda hana nafasi hiyo: mitambo imekwishanunuliwa, mishahara inadaiwa na mkopo haupumziki. Mwaka 2022 kiwanda cha Durban, ambacho kiliwadai uvumilivu wakopeshaji wake, Standard Bank na shirika la maendeleo ya viwanda la IDC, kilipigwa mnada.

Hatusemi haya kumcheka mtu. Aliyethubutu akaanguka ana somo kuliko aliyekaa kibarazani. Tunayasema kwa sababu vijana wetu waliiga kiwanda, wakasahau sanduku.

Kamati ilikaa siku mbili na haikukubaliana kwa urahisi. Hatimaye tuliamua kwamba fedha za madrasa hazitakopeshwa. Waliozitoa, wakiwemo akina mama waliouza debe la mahindi ili wachangie, walizitoa kwa ajili ya watoto kupata mahali pa kusoma. Kuzielekeza kwingine ni kuivunja amana. Lakini wanakamati wanne walijitolea kutoka mifukoni mwao mkopo mwema usio na riba, unaotosha meza ya ufundi, vifaa vya kutengenezea na kompyuta mbili zilizotumika. Mkopo umeandikwa na kushuhudiwa. Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, ya 282 ya Surat al-Baqara, inahusu kuandikiana deni. Haifai ndugu wa msikiti mmoja wakaona haya kuandikiana.

Vijana wawili walikubali, na wiki hii wameanza kazi. Wa tatu, yule aliyemtaja Thakkar, aliondoka amenuna, na tangu siku hiyo hatujamwona safuni. Hilo linatuuma, kwani ndiye mwenye ufundi kuwazidi wenzake, na pengine tulimjibu kwa ukali kuliko ilivyostahili. Tumewatuma wazee wawili nyumbani kwao. Kiti chake kwenye meza ile kipo wazi.

Wabillahi tawfiq.