Mwewe si tumbusi, hata kama daktari amesema

Wasee, kuna stori ya Leonardo da Vinci imekataa kunitoka kichwani.

Akiwa anaandika kuhusu vile ndege hupaa, aliweka kumbukumbu ya utotoni: amelazwa kitandani, mwewe akashuka, akamfungua mdomo kwa mkia na kumpiga nao mara kadhaa katikati ya midomo. Neno lake lilikuwa nibbio. Huyo ni mwewe.

Sasa 1910, Sigmund Freud akaandika kitabu kizima juu ya hiyo ndoto. Tafsiri ya Kijerumani aliyotumia ilisema tumbusi. Basi akafika mpaka Misri ya kale, kwa mungu Mut mwenye kichwa cha tumbusi, akamleta mpaka kwa mamake Leonardo. Mwenzake mmoja hata akaona umbo la tumbusi kwa nguo ya Bikira Maria, kwenye mchoro ulioko Louvre. Manze, tumbusi ambaye hakuwahi kuwa!

Leonardo mwenyewe alikuwa anaangalia ndege. Daftari lake la 1505 hivi, lililoko Turin, limejaa vijichoro vya ndege wakipinda na upepo. Kwingine aliandika kuwa mwewe hapigi mabawa sana, anafuata upepo: ukivuma juu anapanda, ukiwa chini anakaa chini. Wetu wa Nairobi hufanya vivyo hivyo juu ya uwanja wa shule, kabla mtoto hajapokonywa chapati.

Na hakwenda chuo kikuu. Mimi niliacha kampasi mwaka wa pili, kwa hivyo mnajua vile natamani kusema "mnaona?" Ningekuwa nawadanganya. Leonardo alijifunza Kilatini akiwa mtu mzima na alinunua vitabu. Kusoma sio kulimkosesha Freud. Hakurudi kwa lile neno kuuliza ni ndege gani.

Lakini hata mimi sina mdomo. Mwezi uliopita niliposti video ya "tai" akizunguka juu ya mtaa wetu. Kijana mmoja akaandika: huyo ni mwewe, cheki mkia umeachana kama panda. Nikafuta komenti yake. Video ilikuwa inatembea, na nimeshamwambia mathe hii ndiyo kazi yangu sai.

Jana nimeiangalia tena, polepole. Mkia ni wa panda. Nimebadilisha kichwa cha video. Wewe kijana, kama bado uko hapa, andika tena. Siifuti.